Shati jeupe la usiku si lazima liwe jeupe

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Isevya hapa Tabora mjini, mwaka wa 22 sasa. Naandika kuhusu shati jeupe. Shati hilo lilimlaza ndani kijana wa watu usiku mzima, na aliyelivumisha ni mimi.

Nianze na kamera. Niliibiwa jora la kitambaa cha sare za shule, nikaona nitafute kitu cha kunilindia kibaraza. Kamera za seti, zinazokuja na kinasa chake na nyaya zake, bei ilinishinda. Mtoto wa dada yangu, anayesomea umeme, akaniambia, "Mjomba, chukua sakiti tupu ya kamera ya USB, kava utalitengeneza mwenyewe." Nikaagiza. Ikaja kwenye mfuko wa rangi ya fedha: kibao cha mraba, milimita 38 kila upande, katikati lenzi nyeusi iliyosimama kama kifundo cha kidole, nyuma kiwaya cha USB. Haina kava, haina mguu, haina hata karatasi ya maelezo. Nikaichomeka kwenye laptopu kuukuu ya binti yangu, picha ikatokea bila kuweka programu ya ziada. Mpwa wangu anasema kamera hizi hufuata utaratibu mmoja uitwao UVC, na kompyuta nyingi zinaujua tangu zinapotoka kiwandani.

Mchana ilikuwa safi. Usiku, giza tupu. Muuzaji alikuwa ameniambia "inaona mchana na usiku", kwa hiyo nikairudisha. Akaitazama, akanitazama na mimi, akasema, "Sasa mzee, si uwashe taa." Tulibishana, watu wakajaa, mwishowe nikaongeza hela nikachukua nyingine, yenye duara la vitaa vidogo kuzunguka lenzi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho wauzaji hawakisemi, na ndicho kilichokuja kuniponza.

Jicho la mtu linaishia kwenye wekundu, kama nanomita 700 hivi, nanomita ikiwa ndicho kipimo cha kutofautishia aina za mwanga. Kile kipande cha silikoni kilichomo ndani ya kamera kinaona zaidi ya hapo, hadi karibu 1,000. Mwanga huo wa ng'ambo ya wekundu unaitwa infraredi. Mchana unaharibu rangi, kwa hiyo nyuma ya lenzi huwekwa kikioo cha kuuchuja. Mpwa wangu alinionyesha kamera iliyong'olewa kikioo hicho: mwembe wa jirani ulikuwa na majani ya waridi, kama mti wa harusi. Ikifika magharibi, kijicho kidogo cha kupima mwanga kinahisi giza, vile vitaa vinawaka kwa infraredi, na kikioo kinasogezwa pembeni na kisumaku ili mwanga ule sasa upite. Hulia "tak". Mlio huo naujua kama ninavyojua mlio wa sindano ikigonga zipu. Kuanzia hapo picha inakuwa nyeusi na nyeupe, mpaka asubuhi ilie "tak" tena.

Anayetaka kuuona mwanga huo achukue rimoti ya televisheni, aielekeze kwenye kamera ya simu, abonyeze. Kwa macho hakuna kitu. Kwenye simu nyingi, hasa kamera ya mbele, ataona kitaa kinamweka.

Makosa yangu ya kuifunga sitayamaliza. Niliiweka nyuma ya kioo cha dirisha, usiku nikaona ukungu mweupe tu, maana mwanga wa vitaa ulikuwa unagonga kioo na kurudi kwenye lenzi. Nikaihamishia nje, ndani ya kopo la mafuta ya kupaka, na katikati ya lenzi na vitaa nikazungushia sponji ya kushonea mabega ya koti. Ikatulia. Nikarefusha waya hadi mita 9, picha ikawa inakatika. Kumbe USB ya aina ile isizidi mita 5. Buibui nao wamefanya kopo kuwa kwao, kwa kuwa wadudu wanazunguka hapo usiku kucha. Kila Ijumaa nafuta na kitambaa.

Sasa kisa chenyewe. Usiku mmoja wa kuamkia Jumapili, mama jirani yangu, fundi mwenzangu, aliibiwa kichwa cha cherehani. Kamera yangu ilinasa mtu akipita mbele ya kibaraza changu amekumbatia kitu kizito, kofia imeshushwa, uso hauonekani. Lakini shati lilionekana: jeupe kabisa, linang'aa. Saa moja asubuhi nikaitupia video kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nikaandika kwa mkono wangu, "Huyu hapa, mwenye shati jeupe."

Hazikupita dakika 20. Mtu akaandika, kijana wa kahawa huvaa nyeupe. Mwingine akasema, na alfajiri ndiye anayezunguka. Wa tatu akasema hata mwendo ni wake. Kufikia adhuhuri kijana ameshafikishwa kwa mwenyekiti wa mtaa, birika limemwagwa, vikombe viwili vimevunjika, na jioni akachukuliwa. Mimi nilikuwepo. Sikumpiga, lakini nilikuwa nimeshika simu nikiwaonyesha watu ile video, kila aliyekuja kwa kuchelewa nikimrudishia mwanzo.

Aliachiwa asubuhi yake kwa sababu usiku ule wa wizi alikuwa msibani anamimina kahawa hadi kunakucha, na waombolezaji zaidi ya 30 wakathibitisha. Hata hivyo mtaani waliendelea kunong'ona: msiba sawa, lakini shati ni lile.

Siku nne baadaye nilikuwa natazama video za usiku uliopita, nikaona mtu mwenye shati jeupe anafungua mlango wangu. Moyo ulinipasuka. Nikamwita mke wangu, "Njoo, karudi!" Mke wangu akatazama, akacheka, akasema, "Baba nanii, huyo si wewe?" Kweli, shingoni ilikuwa inaning'inia futi yangu ya kupimia. Nilikuwa nimetoka saa nne usiku kuangalia kufuli. Nikaenda kwenye kamba ya nguo kulitazama shati nililovaa jana yake. Jeusi. Nimelishona mwenyewe, jeusi ti.

Sikulala. Kesho yake nilichukua vipande 11 vya vitambaa vyeusi kutoka kwenye kapu la mabaki, nikavipigilia pini kwenye ubao, nikausimamisha mbele ya kamera, nikazima taa zote. "Tak." Vipande 7 vilikuwa vyeupe kama bandeji. Vitatu vya kijivu. Kilichobaki cheusi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha turubai. Koti la suti la mteja, jeusi kwa macho yote ya Tabora, lilitoka na mwili mweupe na kola ya kijivu, kwa kuwa kola ilikatwa kwenye jora jingine. Mchana huwezi kuona tofauti hiyo hata ukiwa fundi wa miaka 40. Pamba au poliesta haikuleta tofauti. Kinachoamua ni rangi iliyotiwa kitambaani: rangi nyingi za nguo humeza mwanga tunaouona sisi, lakini infraredi hazina habari nayo, mwanga huo unapita kwenye rangi na kurudishwa na uzi wenyewe. Rangi yenye masizi ndani yake ndiyo inayobaki nyeusi.

Nikalijaribu na kanga la mke wangu, lile la nyekundu na nyeusi. Pindo likapauka, mji ukafifia, jina likapotea kabisa. Mtu aliyejifunga mafumbo ya kutosha kuanzisha ugomvi mtaa mzima, kwenye kamera anaonekana amejifunga shuka la hospitali. Nikaweka daftari langu la vipimo, ninaloandika kwa kalamu ya bluu: kurasa tupu, kifua na kiuno cha wateja wote hakuna. Nikaweka gazeti lako, Mhariri. Lilisomeka hadi bei, kwa sababu wino mweusi wa gazeti una masizi.

Ina maana mwizi yule alikuwa na shati jeusi? Hapana, wala hilo sisemi. Jeupe nalo hutoka jeupe. Jekundu la kwangu lilitoka jeupe, la kijani lilitoka jeupe. Kwa kifupi, video yangu haikuwa na habari yoyote kuhusu rangi ya shati, na mimi niliandika habari ambayo haikuwemo.

Na si rangi peke yake. Gizani kamera huacha mlango wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha ili ipate mwanga wa kutosha, hivyo mtu anayetembea anaacha mkia, na huo "mwendo wake" waliousema jamaa ulikuwa ukungu wa mguu. Tarehe kwenye video yangu ilisoma Januari 1, kwa kuwa betri ndogo ya saa kwenye laptopu imekufa. Hakuna aliyeuliza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie kumbukumbu ya kielektroniki ilitengenezwaje na kutunzwaje kabla ya kuipa uzito. Kundi letu la WhatsApp liliangalia shati.

Wauzaji nawaomba waache ile sentensi ya "inaona mchana na usiku" na waseme mambo yenyewe: ina vitaa au haina, kikioo kinasogea au kimegandishwa, vitaa ni vya nanomita 850, ambavyo vina wekundu hafifu ukivitazama kwa karibu lakini vinamulika mbali, au ni vya 940, ambavyo havionekani kabisa ila mwanga wake kamera inaupokea kwa shida. Mteja achague akijua. Mwenye kamera tayari, aina yoyote, hata ya seti ya bei mbaya, atundike nguo zake mbele yake usiku mmoja aone. Haina gharama.

Na kwako Mhariri, kwa heshima. Magazeti, lako likiwemo, huandika kwamba kamera zimemnasa mtu aliyevaa nguo ya rangi fulani. Kabla ya kuchapa rangi hiyo, mwandishi aulize jambo moja tu: picha ilikuwa ya rangi au nyeusi na nyeupe? Kama ni nyeusi na nyeupe, neno "jeupe" lisiingie gazetini. Sisi mtaani tukiona limechapwa tunaona limethibitishwa.

Kichwa cha cherehani hakijapatikana hadi leo. Kijana wa kahawa nilimwomba radhi mbele ya mwenyekiti, nikamlipa vikombe vyake. Akasema, "Yameisha, mzee." Bado anapita alfajiri akigonga vikombe, ila zamani alinimiminia kabla sijaomba, siku hizi husubiri nimwite.

Juzi kaniletea kitambaa nimshonee shati la kazini. Cheusi. Anasema nyeupe zimemponza, hazivai tena. Usiku nilikipeleka mbele ya kamera. Kimetoka cheupe kama maziwa, na sijajua nimwambieje.

Fundi cherehani,
Isevya, Tabora