Uzi wa msamba si kitu cha kuchekea, mhariri

Assalaam alaykum ndugu mhariri,

Mie ni fundi charahani hapa Mlandege, na ujanani nilikuwa nashona matanga ya ngalawa na mjomba wangu kule kaskazini, kwa hivo nipeni nafasi kidogo niseme juu ya ile habari ya Wanorwe na suti zao za kurukia thelujini. Mliiweka mistari minne tu chini kabisa ya ukurasa wa michezo, kama kichekesho, ati watu wazima wamefungiwa kwa sababu ya uzi uliotiwa kati ya miguu. Mimi sikucheka. Aliyewahi kushona kitambaa cha kupigwa na upepo anajua wale walikuwa wanalijua wanalolifanya.

Mchezo wenyewe uko hivi, mtu anateremka kwenye kilima na mbao mbili ndefu miguuni, akifika mwisho spidi inakaribia kilomita 90 kwa saa, anajirusha, alafu anaulalia upepo kifua mbele mpaka uso unakaribia zile mbao, na mbao zenyewe anazitanua kama herufi V ili upepo wa chini umkamate yeye mwili mzima. Hiyo V alikuja nayo Msweden mmoja, Jan Boklöv, miaka ya 80, na majaji wakawa wanamkata alama za mtindo maana zamani mbao zilitakiwa zikae sambamba, na pamoja na kukatwa huko akabeba Kombe la Dunia la msimu wa 1988/89, basi wenzake wote wakamfuata. Mwezi wa tatu 2025 kule Planica, Slovenia, Domen Prevc karuka mita 254.5. Panga viwanja viwili vya mpira kwa urefu na bado kavipita.

Na kitu kilichonishangaza mie mtu wa pwani ni upepo. Sie upepo wa omo tunauchukia, nahodha akiupata usoni siku imeharibika, lakini hawa wanauomba uwapige mbele. Ni kama mtoto na tiara, akitaka ipande anakimbia kuukabili upepo, akiupa mgongo tiara inaanguka. Ndo maana skuizi aliyepata upepo mzuri wa mbele anapunguziwa pointi na aliyesukumwa na wa nyuma anaongezewa.

Kwa hivo pale juu mtu, mbao na nguo vyote vimekuwa tanga moja, na tanga likizidi linabeba zaidi, sheria zote za vifaa zimetokana na hapo. Mbao hazitakiwi kuzidi asilimia 145 ya urefu wa mtu, yaani wa sentimita 170 mwisho wake 246 na nusu. Na aliye mwembamba kupita kiasi anakatiwa mbao fupi zaidi, sheria hii ilianza msimu wa 2004/05 kwa sababu vijana walikuwa wanajinyima chakula ili wawe wepesi waruke mbali. Hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, mchezo unaomlipa kijana kwa kukaa na njaa lazima uzuiwe.

Suti nayo ina yake. Kitambaa lazima kipitishe hewa, isipungue lita 40 kwa kila mita mraba kwa sekunde, na wana mashine ya kupimia. Mjomba alikuwa anapima kwa mdomo, analibana lile marekani, kitambaa cha pamba cha matanga, kwenye midomo, anapuliza, mkono mwengine kauweka nyuma ya kitambaa, akisikia pumzi imepita kirahisi anakisukuma pembeni, akisema hichi cha shuka. Tanga likivuja halibebi. Wao wanataka suti ivuje, ili mtu aruke kwa ufundi wake asije akabebwa na puto.

Sasa njooni kwenye msamba. Mrukaji akishatanua miguu, pale katikati kitambaa kinavutika paja kwa paja, kikiwa kimeshuka chini kidogo tu kimeshakuwa tanga. Lakini kitambaa laini kinapigapiga, kinapoteza upepo. Sie ukingo wa tanga tulikuwa tunaupa kamba na uzi mnene usiovutika, ukingo ukikaza tanga linatulia na linavuta. Wanorwe walifanya hivo hivo. Kwenye mashindano ya dunia ya Trondheim, mwezi wa tatu 2025, suti zilikuwa zimeshakaguliwa na kutiwa chipu ya kuonyesha zimepita, wao wakazifumua wakatia uzi mgumu kwenye msamba, ikatoka video ya siri, na suti zilipochanwa ndani uzi ukaonekana. Marius Lindvik alikuwa wa pili akafutwa, Johann André Forfang akafutwa, kocha na mtu wa vifaa wakasimamishwa. Ilikuwa Ramadhani, mie nimezongwa na nguo za Idi, nikaiacha charahani nikaangalia ile video mara tatu. Yule anaeshona anashona kwa utulivu kabisa, mshono safi. Imeniuma kuona ufundi mzuri namna ile unatumika kuiba.

Lakini na wapimaji nao waambiwe. Kwenye Olimpiki ya baridi ya Beijing 2022, mashindano ya timu za wanaume na wanawake pamoja, walifutwa wanawake watano siku moja, wa Japani, Austria, Ujerumani na Norwe, wawili walitoka Norwe. Sara Takanashi wa Japani suti ilizidi sentimita 2 kwenye mapaja, kapimwa baada ya kuruka, kalia mbele ya dunia nzima kisha karudi kuruka raundi ya pili huku bado analia. Wengine walisema suti ni zile zile walizorukia siku mbili nyuma na hakuna aliyewagusa. Basi jamani, Sara hakuficha uzi, kwanini aaibishwe sawa na mwizi?

Nalisema hili kwa uchungu maana limetukuta. Mwaka mmoja ngalawa ya mjomba iliingia ya kwanza, watu wameshaingia majini kuipokea, kamati ikaja na futi ikasema tanga limezidi pande moja la kitambaa. Tanga lile nimelishona mimi, lilikuwa limetandikwa mchangani toka alfajiri, wao wanalipita na kulikanyaga, hakuna aliyeinama kulipima. Mjomba hakushindana tena mpaka anafariki.

Mhariri, mkipata nafasi waulizeni wanaotayarisha resi za ngalawa mwaka huu, futi itafika pwani saa ngapi? Ikiwa ni kabla ya foromali, ule mti unaoshika tanga, kupandishwa, mie nitakuja kusaidia kupima, bila malipo.

Wassalaam,
Fundi charahani, Mlandege, Unguja