Mwenyeji apande gari la majini, na aulize maswali

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika kwamba yale magari ya kitalii yanayotembea barabarani kisha yakaingia mtoni ni ya wageni, na kwamba mwenyeji anayelipa nauli kutazama mji wake hana kazi ya kufanya. Mimi kazi nimestaafu kweli, kwa hiyo nilipanda.

Nimeshika spana za malori maisha yangu yote, na nilikwenda kutazama chombo kuliko mji. Asili ya magari haya ni DUKW, lori la magurudumu sita lililoundwa mwaka 1942 kwa ajili ya jeshi la Marekani. Katika Vita Vikuu vya Pili lilishusha askari na shehena kisiwani Sicily, Italia, mwaka 1943, na Normandy, Ufaransa, mwaka uliofuata. Vita vilipokwisha yakauzwa kwa raia, na tangu 1946 watu wanatembezwa nayo huko Wisconsin, Marekani.

Lakini mji nao ulinivuta. Ukiwa mtoni unaona migongo ya majengo: mabomba yanayomwaga maji ya rangi nisiyoipenda, kutu chini ya daraja ninalovuka kila siku, ngazi za mawe ambazo ukiwa barabarani huwezi kujua kama zipo. Mtembezaji hakuyagusa hayo; alikuwa anatusomea mwaka wa kujengwa kwa mnara. Kushuka majini ndiko kuliko na raha yake. Pua ikazama, maji yakaruka hadi kwenye kioo, magurudumu yakaacha kugusa chini, dereva akavuta wenzo na propela ikashika. Watoto walipiga kelele, nami nikapiga.

Sasa neno langu. Kabla hatujashuka kijimvua kilianza, na msaidizi akateremsha mapazia ya plastiki pande zote, chini ya paa lisilofunguka. Nikamwomba ayapandishe. Akanijibu kwamba abiria wa nyuma wanalowa.

Kulowa si kitu. Mwaka 1999, kwenye Ziwa Hamilton huko Arkansas, gari la namna hii lilizama likaua watu 13. Maji yaliingia pale shafti, chuma kinachozunguka kupeleka nguvu ya injini, inapotoboa bodi, mahali ambapo mpira wa kuzibia haukukazwa sawasawa, kazi ya bisibisi na dakika chache. Baadhi ya waliokufa walinaswa chini ya paa. Wachunguzi walisema wazi kwamba mapaa hayo ni mtego, kwa sababu hata ukivaa jaketi la kujiokolea, ndilo litakalokuinua na kukubana darini. Mwaka 2018, huko Branson, Missouri, gari jingine lenye paa na mapazia lilizidiwa na dhoruba ziwani, wakafa 17. Sheria ya Marekani ikaja mwishoni mwa 2022: paa na mapazia yaondolewe gari likiwa majini, au yawe ya aina isiyomzuia mtu kutoka.

Kwa hiyo namwambia msomaji mwenzangu kwamba mwenyeji ndiye hasa anayefaa kupanda. Mgeni anapiga picha zake, kesho yuko uwanja wa ndege. Mimi gari lile nitaliona likipita kesho na keshokutwa, na naweza kurudi kuuliza lile lile. Nilimuuliza dereva kama pampu za kutoa maji zimejaribiwa siku ile. Hakukasirika, aliwasha swichi na maji yakaruka ubavuni. Kijana anaijua kazi yake. Nilipouliza mipira ya shafti ilikaguliwa lini, na paa linafunguliwaje watu wakihitaji kutoka haraka, akaniambia niulize ofisini.

Ofisini nimepeleka barua na hadi leo sijajibiwa. Labda wakiyaona maswali hayo gazetini kwako watajibu. Wajukuu wakifunga shule nataka kuwapandisha, mapazia yakiwa juu, hata kama mvua inanyesha.

Fundi mstaafu wa malori