Saikolojia ya elimu tufundishwe na uchafu wake

Mhariri, habari za kazi. Mimi mwalimu wa darasa la kwanza huku Kasulu, nina dukuduku na hili somo la saikolojia ya elimu vyuoni. Notsi zetu zilikuwa wanasaikolojia wa nje, Piaget, Skinner, Pavlov na mbwa wake, unakariri unafanya mtihani unasepa. Tukafika kwenye vipimo vya akili, hakuna mkufunzi aliyetuambia vimeumiza watoto weusi kiasi gani, na waliokuwa wanapima ni wanasaikolojia wa shule wenyewe, wasomi kabisa.

Chukua California. Wazazi weusi wa San Francisco walienda mahakamani 1971 maana watoto wao walikuwa wanapimwa IQ, yaani kiwango cha akili, halafu wanatupwa madarasa ya wenye akili pungufu, weusi walikuwa kama 10% ya wanafunzi wa jimbo lakini kwenye hayo madarasa wanafika robo nzima, jaji Peckham akaja kupiga marufuku vipimo hivyo kwa kuwapanga watoto weusi 1979. Mwaka huohuo 1971 kule London mwalimu mzaliwa wa Grenada, Bernard Coard, akatoa kijitabu kuonyesha watoto wa Karibiani wanavyorundikwa kwenye shule za namna hiyo, na sababu mojawapo ni mpimaji kutoelewa lugha yao ya nyumbani. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kimekuja kuomba radhi 2021, juzi tu hapo!

Mtasema hayo ya wazungu, sisi huku wote weusi. Haya, njooni huku darasani Januari, shule zikifunguliwa. Mtoto nyumbani ni Kiha tu, mwalimu kapangiwa kutoka mkoa mwingine hata salamu ya Kiha, mwakeye, hajui kuitikia, anauliza kwa Kiswahili mtoto kanyamaza, wiki ya pili keshapewa jina, mzito. Akikosea matamshi anaitwa Mrundi darasa zima linacheka. Na hiki kipimo cha mdomo hakina hata karatasi ya kupeleka mahakamani.

Kuna mtafiti Robert Serpell, 1979 alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester kwenye kunakili maumbo. Kwa penseli Waingereza wakawa juu, kwa waya Wazambia wakawa juu, kwa udongo wakalingana. Zambia yenyewe hapo tu mwisho wa Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba ilikuwa inatoka Kigoma inashusha Mpulungu, ila sisi tunamjua Piaget wa Uswisi. Watoto wetu hapa wanaunda magari ya waya yenye usukani unaokata kona kabisa halafu mtu anasema hawana akili! Ningekuwa natunga mtaala mimi hilo jaribio lingesomwa wiki ya kwanza.

Kwa hiyo wizara na vyuo, hii mada iingie na iulizwe kwenye mtihani, maana kisichoulizwa hakuna anayekisoma, tunajuana. Na mwalimu akikaguliwa fildi aulizwe, huyu uliyemwandika mzito ulimpima kwa lugha gani?

Mwalimu wa msingi, Kasulu, Kigoma