Usilale na njaa, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Baba yako hajambo, mimi pia namshukuru Mungu. Tangu uliponiambia Jumapili kwenye simu kwamba umeacha chakula cha usiku, unakunywa maji ya moto na ndimu halafu unalala, moyo wangu haujatulia. Sauti yako ilikuwa ya mtu mwenye njaa, na mimi ni mama yako, naijua.

Kutaka kupungua si vibaya. Lakini anayelala na njaa ataikuta inamsubiri asubuhi. Ikifika saa nne uko ofisini unatetemeka, unaagiza chipsi mayai na soda. Soda ile ya chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, yaani vijiko saba vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akibaki chini ya gramu 25 kwa siku ndiyo bora. Umejinyima usiku kucha, na chupa moja imevuka kiasi cha siku nzima.

Unakumbuka mwaka juzi kliniki waliponiambia presha imepanda? Nilikuwa na kilo 88. Sikuacha kula, mama. Nilichobadilisha kwanza ni mkono wangu wa mafuta. Nilikuwa namimina kwa macho, na siku moja nikapima ninachomimina: vijiko sita vya chakula kwenye sufuria moja ya mchicha! Kijiko kimoja tu kina kalori kama 120, zaidi ya ndizi mbivu ya wastani. Sasa natumia kijiko kimoja, na kijiko chenyewe nakiacha juu ya kifuniko cha dumu ili nisijidanganye.

Fanya hivi. Kaanga kitunguu moto mdogo. Kikianza kushika, usiongeze mafuta, nyunyiza maji kidogo ukigeuze. Tia nyanya na chumvi kidogo, funika, ziache ziive kwa maji yake mpaka zirojeke. Mchicha utie na maji yaliyobaki wakati wa kuuosha, hayo yanatosha. Nazi usiiache, sisi ni watu wa pwani, ila kasimile, lile tui zito la kwanza, iweke kwa siku ya wageni. Siku za kawaida tumia tui la pili, nusu kikombe, ukishatia usifunike tena. Epua majani yakiwa bado kijani, kamulia ndimu, hutatamani chumvi zaidi.

Najua unarudi umechoka na foleni za Dar. Basi Jumamosi loweka maharage au kunde, Jumapili chemsha sufuria nzima, gawa kwenye vibakuli uweke friza. Ukirudi ni kuunga tu, dakika kumi na tano. Hivyo vinashibisha kweli, ukila na ugali wa dona kiasi cha ngumi yako na mboga nyingi kuliko ugali. Dagaa wakaushe kwenye kikaango kitupu, halafu waunge kwa nyanya. Hawahitaji kuogelea kwenye mafuta.

Na machungwa, mwanangu, yatafune. Glasi moja ya juisi inameza machungwa matatu au manne, na nyama zake zinazoshibisha unazitupa.

Mimi niliondoka kwenye kilo 88 nikafika 79, lakini ilichukua miezi tisa. Kuna miezi mizani haikusogea kabisa, na niliendelea kupika vilevile. Harusi ya binamu yako nilikula pilau nikashiba, kesho yake nikarudi kwenye kunde zangu. Usijipime kila asubuhi, utajivunja moyo bure.

Ijumaa natuma kikapu kwa basi la asubuhi: kunde kilo mbili, nazi tatu, machungwa ya Muheza, na kile kijiko cha mbao cha bibi yako. Nakupigia Jumapili usiku. Nataka kusikia sufuria iko jikoni.

Mama yako