Shoga yangu, msimwachishe dawa mapema

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na kabla hujaendelea kusoma mfikishie Shangazi shikamoo yangu. Habari za watoto nitauliza siku nyingine. Barua yako nimeisoma yote, lakini kilichonishika ni pale uliposema mmemwachisha Shangazi vile vidonge vya usiku, alivyopewa kwa maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi, kwa kuwa siku nne zimepita bila nafuu. Siku nne, shoga! Ndiyo maana najibu leo leo.

Nianze na Mwalimu, maana naona anamtia Shangazi unyonge. Anasema ngozi imeshapona, malengelenge yamekauka, sasa kinachouma ni nini? Ngozi imepona kweli. Iliyoumia ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni havikutoka mwilini. Vilijificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo miaka yote hiyo. Vilipoamka vikashuka na neva ile ile hadi ubavuni, ndiyo maana mkanda wa jeshi ukakaa upande mmoja, na njiani vikaijeruhi neva yenyewe. Neva iliyojeruhiwa hutuma taarifa ya maumivu hata pasipo kuguswa. Mwangalie Shangazi vizuri: huenda ukimwekea kiganja na kubonyeza anastahimili, lakini mshono wa blauzi ukimpitia juu juu anaruka kama kamwagiwa maji ya moto. Hajidekezi. Msomee Mwalimu aya hii kwa sauti.

Na kwa kuwa miezi mitatu imeshapita tangu vipele vitoke, hayo si mabaki ya ugonjwa wa kusubiriwa yaishe. Yanatibiwa kama maumivu ya neva, na dawa zake si zile za kichwa. Ndiyo maana parasetamoli na ibuprofeni hazimfikishi popote. Hiyo ibuprofeni aiache kabisa. Kwa umri wake, kuimeza kila siku ni kuumiza tumbo na figo bure. Shemeji naye asinunue tena asaikloviri, ile ya kuua virusi. Dawa ile, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7, kazi yake ni pale mwanzoni, hasa ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Sasa hivi haina cha kuua.

Turudi kwenye vidonge vya usiku. Kwa maelezo yako ni amitriptilini ya miligramu 10. Hiyo kwa mtu mzima ni dozi ya kuanzia tu, ili mwili uizoee. Kawaida daktari huongeza miligramu 10 kila baada ya wiki moja hivi, akitazama nafuu na madhara, na wengi hupata unafuu mahali fulani kati ya 25 na 75. Hata ikifika kiwango chake, neva huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha tofauti. Kuipima kwa siku nne ni sawa na kutoipima. Na madhara hutangulia faida: kinywa kinakauka, choo kinakuwa kigumu, asubuhi anaamka mzito. Hapo ndipo watu wengi huiacha, wakiwa wameonja ubaya wake tu. Aimeze saa moja au mbili kabla ya kulala badala ya kungoja ameshapanda kitandani, uzito wa asubuhi utapungua. Akiamka usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame, kwa sababu inashusha presha na anaweza kuanguka.

Ila kuna watu haiwafai: mwenye presha ya macho, mwenye shida ya mapigo ya moyo, mwanamume ambaye mkojo wake unatoka kwa shida. Kwa umri wa Shangazi, ningependa moyo upimwe kwa ile mashine ya umeme wa moyo kabla dozi haijapanda.

Ikishindikana, kuna gabapentini, dawa nyingine ya maumivu ya neva. Mpango wa kawaida ni miligramu 300 usiku wa kwanza, siku ya pili 300 mara mbili, siku ya tatu 300 mara tatu, kisha kupanda taratibu. Watu wengi hawahisi kitu mpaka wakaribie 1,800 kwa siku. Kwa mzee mwanzo huwa mdogo zaidi, hata 100, na mwendo wa polepole. Dawa hii hutolewa na figo, kwa hiyo figo zipimwe kwanza. Zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa, la sivyo inajikusanya mwilini na mtu anapepesuka kama mlevi. Kama anatumia dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini, aache saa mbili zipite ndipo ameze gabapentini. Na isikatwe ghafla kama mlivyofanya na hii nyingine! Hushushwa kidogo kidogo kwa wiki nzima au zaidi.

Za kupaka na kubandika nazipenda kwa mzee, kwa kuwa haziingii sana kwenye damu. Plasta ya lidokaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 5 hubandikwa pale pale panapouma, juu ya ngozi iliyofunga tu, ikae kwa muda wa saa 12, kisha inabanduliwa na ngozi inapumzika saa 12 nyingine. Zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Inaweza kukatwa kwa mkasi ifuate umbo la mahali, ilimradi ikatwe kabla ya kuondoa karatasi ya nyuma. Iliyotumika bado ina dawa ndani, kwa hiyo ikunjwe gundi kwa gundi na itupwe mbali na wajukuu.

Krimu ya kapsaisini, ile ya pilipili, inafaa pia, lakini mwambie ukweli mapema: wiki za kwanza inaunguza. Ni ya kupaka mara 3 au 4 kila siku bila kuruka. Anayepaka leo na kuacha kesho huunguzwa kila mara asifikie nafuu. Asipake akiwa ametoka kuoga maji ya moto. Wewe unayempaka vaa glavu, au nawa kwa sabuni mara moja, usije ukajigusa jicho.

Tramadoli aliyoitaja Mama Mdogo, ile dawa kali ya maumivu, iwe ya mwisho kabisa. Inalevya, inazoesha, na ikichanganywa na amitriptilini inaweza kuleta degedege. Asipewe kwa siri kwa huruma.

Nguo nazo: nyepesi na laini zinazokaa mwilini bila kubana ni afadhali kuliko zinazopepea, maana kinachomtesa ni ule mguso wa kupitapita. Kitambaa cha baridi dakika kumi kinasaidia, barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Na wajukuu waruhusuni wamkumbatie upande wa pili. Maumivu haya hayaambukizi.

Usimwahidi kwamba yataisha yote. Yakipungua kwa theluthi au nusu, akalala usiku, dawa inafanya kazi. Kila jioni mwandikie alama kutoka 0 hadi 10, na usiku aliamka mara ngapi. Daktari ataongeza dozi kwa karatasi hiyo kuliko kwa neno "bado inauma".

Mjomba yeye ndiye wa kuulizia chanjo, maana ameshavuka 50. Shingrix ni sindano mbili, ya pili miezi 2 hadi 6 baada ya ya kwanza. Maumivu ya Shangazi haiyatibu, inakinga mkanda usitoke.

Sasa nijibu haya upesi. Kwenye pakiti imeandikwa amitriptilini kweli, miligramu ngapi? Figo zilipimwa lini mara ya mwisho? Ana presha ya macho? Mkojo unatoka vizuri? Anameza nini kingine asubuhi, na ile dawa ya kiungulia bado anaitumia? Lini mnaweza kurudi kwa daktari aliyemwandikia, aamue kama aanze tena, na safari hii tumpe wiki sita? Nawe, shoga, unalala saa ngapi siku hizi?

Ni mimi,
shoga yako