Wito wa Harambee: Vipimo na Gari la Kuwafikia Wazee wa Chamwino

Mbukwenyi wazazi, wahitimu na marafiki wa chuo chetu cha uuguzi!

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alimpima presha bibi mmoja huko Chamwino. Namba ilikuwa nzuri, akaiandika kwenye daftari, akaanza kufunga mkoba. Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, umenipima nimekaa. Mimi huanguka nikisimama." Akainuka, akashika nguzo ya mlango. Kipimo kiliporudiwa, namba ya juu ilikuwa imetoka 138 hadi 112.

Presha kushuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama ni jambo ambalo wanafunzi wote walishalijibu kwenye mtihani. Nyumbani kwa bibi ndipo walipojua linatokeaje. Anakunywa maji kidogo makusudi, kwa sababu choo kiko ng'ambo ya zizi na usiku ni giza. Halafu dawa yake ya presha, aliyoihifadhi kwenye kopo la siagi, humeza siku kichwa kikimgonga tu. Hayo wodini hayaonekani, maana mgonjwa hufika ameshaanguka.

Ndiyo maana kila mwanafunzi hupewa mzee mmoja wa kumtembelea muhula mzima. Mzee ndiye mwalimu. (Wasiojua Kigogo hutaabika wiki mbili za mwanzo, na wazee hufurahia sana.)

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Kadi ya matibabu bila malipo bibi anayo, kaifunga kwenye pindo la kanga. Kufika zahanati ndiko kunakomshinda.

Na sisi tumewaangusha, tuseme ukweli. Wanafunzi 24 walitumia kipimo kimoja, betri zikaisha nyumba ya tatu. Gari likakosekana wiki tatu mfululizo. Tuliporudi, mzee mmoja akauliza, "Kumbe mlikuja kunipiga picha tu?" Hatukuwa na jibu.

Tunahitaji vipimo 8 vya presha, shilingi 880,000, pamoja na mikanda midogo 8, shilingi 200,000. Msiione mikanda hiyo kama anasa: mkono wa mzee aliyekonda ukifungwa mkanda mkubwa, namba husoma chini kuliko ilivyo. Kukodi Hiace kwa Jumamosi 12 ni shilingi 2,160,000, na tochi za sola 24, moja kwa kila mzee, ni 360,000. Jumla ni shilingi 3,600,000. Wanafunzi wenyewe wameshachangishana 410,000, kwa hiyo zimebaki 3,190,000.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa 4 asubuhi, uwanja wa chuo, ili safari zianze wiki ya Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba. Fedha na ahadi zipokelewe na mhasibu wa chuo. Usiondoke bila risiti. Asiye na fedha alete kuku, zabibu au debe la uwele, tutavinadi. Mwaka jana jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mezani mara nne, mpaka akachoka yeye.

Bibi wa Chamwino amekubali kuja akifuatwa na gari. Ameagiza pia kwamba atakayemfuata aje na kipimo, ampime amesimama.

Kamati ya Harambee