Dizeli kuukuu ikigonga asubuhi, msikimbilie kufungua injini

Kwa Mhariri,

Kuna neno moja linalowagharimu wenye magari ya dizeli kuanzia Nakuru hadi Kisumu: "imenoki". Gari likichelewa kuwaka alfajiri, kisha likiwaka linagonga ko-ko-ko kama nyundo ya mfua mabati, mwenyewe huambiwa injini imenoki, yaani imekufa kwa ndani, na kabla ya saa nne kichwa cha injini kiko chini kwenye gunia. Sisi tunaoshinda na Hiace, Hilux na Pajero za miaka ya 1990 tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze mambo ya kupimwa kwanza. Mengi ni ya bei ya chakula cha mchana.

Dizeli haina cheche. Pistoni hubana hewa (katika injini ya 2L ya Toyota, takriban mara 22) mpaka inapata joto la kuwasha mafuta. Tangu nozeli (kinyunyizio cha mafuta) inyunyize hadi mafuta yashike moto, kuna muda mfupi wa kungoja. Hewa ikiwa haijapata joto la kutosha, au mafuta yakiingia kwa matone badala ya ukungu, muda huo hurefuka. Mafuta hurundikana, halafu hulipuka yote kwa pamoja. Mlipuko huo ndio mgongo, yaani ule mlio wa kugonga, mnaousikia, na kule kungoja ndiko kunakofanya stata izunguke na kuzunguka bila injini kushika. Kwa hivyo kugonga na kuchelewa kuwaka vikija pamoja, na mgongo ukipungua injini inapopata moto, shukuni mwako wa mafuta kabla ya kushuku beringi, vile vyuma laini vinavyobeba mhimili wa injini.

Anzeni nyuma ya gari. Mtu mmoja apige stata, mwingine asimame pembeni mwa ekzosi. Moshi mweupe unaowasha macho una maana mafuta yanafika ila joto halitoshi. Pasipo moshi wowote, mafuta hayafiki: tazameni waya wa solenoidi (vali ya umeme) ya kukata mafuta iliyo kwenye pampu ya nozeli, ambayo inapaswa kulia "tik" mnapowasha swichi. Moshi mweupe usiokwisha hata gari likipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni habari ya gaskiti au kichwa kilichopasuka, na hapo hamna njia ya mkato.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6. Stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Kisha wekeni multimita kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini, mpige stata tena: ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi una kutu au umelegea, na injini inazunguka polepole kwa sababu ya nati moja chafu. Dizeli inayozunguka polepole haipati joto, kwa kuwa hewa huvuja kandokando ya ringi za pistoni na kupoa kabla pistoni haijafika juu. Oili nzito ya gredi moja, ile SAE 40 ya bei nafuu, huongeza uvivu huohuo asubuhi za baridi za Molo. Tumieni 15W-40.

Sasa plagi za hita, zile zinazopasha moto ndani ya injini kabla haijawaka, ambazo mafundi wengi huzipita haraka mno. Injini zenye vichumba vya awali, ambamo mafuta huanza kushika moto kabla ya kufika kwenye silinda, kama 2L, 3L na 5L za Toyota, TD27 ya Nissan na 4D56 ya Mitsubishi za enzi hizo, huzitegemea sana plagi hizi kwenye baridi. 4JA1 na 4JB1 za Isuzu hunyunyiza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni na mara nyingi huwaka hata plagi zikiwa zimekufa, ndiyo sababu mwenye pikapu ya Isuzu humcheka mwenye Hiace.

Fungueni ule ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya plagi zote nne. Nati zake ni ndogo. Wekeni kitambaa chini zisipotee. Msipime ukanda ukiwa mahali pake, kwa maana plagi moja nzima itajibu kwa niaba ya tatu zilizokufa. Chukueni taa ya kupimia, waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine kwenye kichwa cha plagi. Taa isipowaka, waya wa ndani umekatika. Ikiwaka, endeleeni na multimita kwenye omu: plagi nzima ikiwa baridi husoma karibu omu 1 au chini yake. Gusanisheni kwanza waya za multimita zenyewe kwa zenyewe, maana huenda zikasoma 0.3, na hiyo ndiyo ya kutoa. Kipimo cha mwisho ni macho: itoeni plagi, ishikeni kwa koleo, mwili wake kwenye athi na kichwa kwenye umeme unaolingana na volti zake, kwa sekunde chache tu. Inapaswa kuwa nyekundu kuanzia nchani. Ikianza kuwa nyekundu shingoni huku ncha ikibaki nyeusi, itupeni. Na kama ncha imevimba ndani ya kichwa cha injini, msiilazimishe kwa bomba refu. Pasheni injini moto kwanza, la sivyo itakatikia humo.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni la kuchanganya volti. Kuna plagi za volti 6 na kuna za volti 11 au 12, na zote hujifunga vizuri kwenye tundu lilelile. Ile ya 6 hufanya kazi na rilei (swichi ya umeme) na kipunguza umeme chake. Mkiipa 12 moja kwa moja kupitia swichi ya kubonyeza, huungua kwa siku chache. Someni maandishi yaliyochongwa kwenye mwili wake. Tena swichi hiyo ya kubonyeza isifungwe kwa waya wa taa: plagi nne huvuta ampea 40 hadi 60. Waya mwembamba hupata moto, volti hupotea njiani, na plagi nzima huonekana mbovu.

Baada ya plagi, hewa kwenye mafuta. Dalili yake haifanani na ya baridi: gari huwaka vizuri jioni, huwaka vizuri mchana, ila likilala usiku kucha, hasa pua ikielekea juu kwenye mteremko, asubuhi lazungushwa mpaka betri iishe. Mkipampu kwa mkono juu ya filta mara 20 au 30 na likawaka papo hapo, hewa ndiyo adui. Msitafute tone la dizeli chini ya gari. Upande wa tangi hadi pampu ni wa kunyonya, kwa hivyo hewa huingia mahali ambapo dizeli haitoki. Tazameni mpira wa ndani wa ile pampu ya mkono kwenye kichwa cha filta, ncha za mipira iliyokauka na kuwa ngumu kama plastiki, mipira midogo ya kurudishia inayopita juu ya nozeli, na washa za bolti za mabomba.

Jaribio lisilodanganya ni la mtungi. Jazeni lita 5 za dizeli safi, uwekeni mtungi juu kuliko pampu ya nozeli, mpira mmoja uingie kwenye pampu na ule wa kurudisha urudi mtungini, kisha mlaze gari hivyo. Alfajiri likiwaka kwa mguso mmoja, kosa liko kati ya tangi na pampu. Likichelewa vilevile, pampu au kilicho ndani ya injini ndicho cha kuangaliwa. Usiku mmoja na mtungi mmoja hukata nusu ya mabishano ya gereji.

Hapa tuseme neno kuhusu mwinuko wa nchi yetu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, Nakuru karibu 1,850, na barabara ya Eldoret ikipanda Timboroa hupita 2,700. Nakuru hewa ina takriban asilimia 80 ya shinikizo la pwani, Timboroa chini ya 75. Gari lililonunuliwa Mombasa au Kisumu, plagi mbili zikiwa zimekufa, litawaka huko siku zote bila mtu kujua. Likilazwa Timboroa ndipo siri hutoka, na fundi wa huko hulaumiwa bure. Kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa kwenye silinda, nacho husomwa kwa akili hiyo. Kitabu cha Toyota husema 2L iliyo nzima hutoa baa (kipimo cha shinikizo) 31 hivi, na mwisho ni 20. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Injini ileile nzima, ikipimwa Nakuru, itasoma 25 au pungufu kidogo. Fundi asiyejua hilo atawauzia ringi msizozihitaji. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo yenye maana zaidi: isizidi baa 5.

Kompresheni ipimwe injini ikiwa moto, plagi zote nne zikiwa nje, waya wa solenoidi umechomolewa, betri imejaa, na geji iwe ya dizeli. Geji ya petroli huishia baa 20 hivi na itaharibika. Kuna wanaomimina oili kwenye silinda ili kujua kama ni ringi au valvu. Kwenye petroli sawa. Kwenye 2L nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni takriban mililita 29 tu, pamoja na kichumba cha awali. Kijiko kimoja cha chai kinatosha. Mkimimina kikombe, oili haibanwi, konrodi (mkono wa pistoni) itapinda.

Kisha nozeli. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza hugonga kwa sauti kali, ya juu, yenye kuchagua silinda moja, na ikiachwa hutoboa pistoni. Injini ikinguruma polepole, legezeni nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine kwa nusu mzunguko, mkiwa mmefunika kwa kitambaa na mikono iko mbali, maana dizeli ya shinikizo hupenya ngozi. Msithubutu kufanya hivi kwenye injini mpya za komoni reili (nozeli zote hulishwa na bomba moja la shinikizo) kama 1KD ya Toyota au 4JJ1 ya Isuzu, ambazo shinikizo lake hupita baa 1,000. Silinda ambayo ukiilegeza mgongo unakatika ndiyo yenye shida. Lakini ngojeni: beringi ya konrodi nayo hupunguza kelele silinda yake ikikatwa, kwa kuwa mzigo umeondoka. Wengi huishia hapo na kukosea. Hamisheni nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani, mkitumia washa mpya za kopa. Kelele ikihama nayo, ni nozeli. Ikibaki palepale, ni silinda. Kwenye mashine ya kupimia, nozeli za injini zenye vichumba vya awali hufunguka kati ya baa 100 na 150 hivi, zote nne zikikaribiana, na ncha ibaki kavu zinapofunga.

Taimingi, yaani wakati wa mafuta kunyunyizwa, haina maneno mengi. Ikiwa mbele mno hugonga hata injini ikiwa moto. Ikiwa nyuma mno huleta moshi mweupe na uvivu mlimani. Kama belti ya taimingi ya 2L au 1KZ, zote za Toyota, imebadilishwa majuzi na shida ikaanza siku hiyohiyo, fundi aliruka jino. Belti hizo hubadilishwa kila kilomita 100,000.

Dizeli ya mitungi ya kando ya barabara pia huleta mgongo. Tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, iliyoanza 2018, ilipunguza faida ya kuchanganya mafuta taa kwenye dizeli, ila hatuwezi kusema uchafu umeisha. Pampu ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Fungueni skrubu ya chini ya filta, kingeni kwenye chupa ya glasi: maji hukaa chini, na mtayaona kwa macho. Na ile dawa ya kupuliza kwenye kisafisha hewa ili gari liwake, au kitambaa cha petroli, muiache. Ikikutana na plagi nyekundu hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi, na hapo ndipo injini hunoki kweli.

Beringi iliyokwisha husikika kinyume cha haya yote. Sauti ni nzito, ya chini, huongezeka injini inapopata moto na oili kuwa nyepesi, na hujitokeza mnapoachia mafuta baada ya kukanyaga. Toeni swichi ya shinikizo la oili, fungeni geji ya mkono mahali pake. Kwenye 2L ikiwa moto, inaponguruma polepole isome angalau baa 0.3, na kwenye mizunguko 3,000 kati ya 2.5 na 6. Pasueni filta ya oili kwa msumeno, tandazeni karatasi yake juani. Mkiona vipande vinavyong'aa, hata hapo kichwa cha injini kisiguswe bado: shusheni sampu (bakuli la oili chini ya injini), fungueni kofia za konrodi kutokea chini, na mwenye gari aonyeshwe beringi yenyewe, kama rangi ya kopa imetokeza au la.

Mafundi wa dizeli,
Nakuru na Kisumu